Nta ya Siakago

Fundi alipokea bunduki mpya akiwa amefumba macho. Mwenye duka alivunja sanduku la mbao, akavua karatasi zenye mafuta, akamwekea bunduki viganjani, na Fundi akasimama hivyo hivyo kama mtu anayeombewa. Alipima uzito kwanza. Akaisogeza mpaka ikatulia juu ya kidole kimoja, haiendi mbele, hairudi nyuma. Kisha aliitupa begani na kufumbua jicho la kulia. Jicho likitua moja kwa moja kwenye alama ya kulengea, alisema, "Mm." Likitua pembeni, alisema pia, "Mm," lakini fupi zaidi, na mwenye duka alijua kwamba hiyo itaning'inia ukutani mpaka ijae vumbi.

Hiyo ilikuwa Embu mjini, miaka ya mwanzo mwanzo baada ya uhuru, wakati mtu mwenye leseni bado aliweza kwenda msituni kuwinda bila kujificha. Duka liliuza mbolea, mabati na pampu za kunyunyizia kahawa dawa. Kule nyuma, ndani ya chumba chenye mlango wa chuma, ziliwekwa bunduki za kuwindia. Wazungu waliokuwa wakizinunua walikuwa wanapungua, na mahali pao walikuja wakulima wa kahawa, wakubwa wa maofisini, na mwalimu mkuu mmoja aliyependa nyama ya kanga. Hakuna aliyenunua kabla ya kuuliza, "Fundi amesema nini?"

Alichosema nilikiandika mimi, na ndiyo maana mambo haya hayaniachi. Kati ya bunduki zote alizozisifu, moja ilimuua mtu wa Kibugu, na mkulima mmoja wa Manyatta akabeba lawama ya kifo hicho miaka mingi. Mkono ulioandika kwamba bunduki ile haikuwa na kosa ni huu wangu.

Nilifika Embu juu ya lori la muguka, yale majani ya kutafunwa, kutoka Siakago, nikiwa na nia ya kukaa siku mbili. Nilikuwa karibu na miaka thelathini. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, ila kulikuwa na barabara nje ya dirisha na mimi nilitaka kujua inaishia wapi. Tangu hapo nilikuwa nimeuza chumvi Isiolo, nimechimba mitaro Meru, nimechuma chai Kibugu mpaka vidole vikafa ganzi. Siku ile nilisimama nyuma ya duka nikisoma maandishi ya kigeni ubavuni mwa sanduku. Mzee mwembamba mwenye aproni ya ngozi akaniuliza:

"Wewe bwana, unajua kusoma hiyo?"

"Kusoma najua, mzee. Kuelewa ndiyo bado."

Alicheka bila sauti, mabega tu. "Basi wewe ni afadhali. Hapa nina watu wanaelewa yote na hawajasoma kitu. Ingia."

Yeye alizijua tarakimu, na jina lake aliweza kuliandika. Zaidi ya hapo hapana. Alinipa daftari la jalada la buluu, na kila bunduki ilipotoka kwenye sanduku alisema, nami nikaandika. Maneno hayo aliyaita neno la kwanza. Aliamini kwamba bunduki humwonyesha mtu tabia yake katika dakika ya kwanza, halafu mkono unaizoea na kuanza kuisamehe.

Daftari bado ninalo. Ya bunduki moja ndefu iliyotoka Chekoslovakia niliandika: "Shingo nzuri. Bolti ya kusukumia risasi inakwaruza mwisho wa safari yake kama mlango wa choo cha shule. Itaacha baada ya mwaka." Ya nyingine, iliyong'arishwa kitako mpaka ukajiona meno: "Ya kupigia picha. Nyati ataiona kabla mwenyewe hajamwona nyati." Ya ile yenye mitutu miwili: "Nzito. Ukiibeba kutoka barabarani mpaka mtoni, hata nguvu ya kuogopa itakuwa imekwisha." Ya ile ndogo aliyoinunua mwalimu mkuu: "Haina hasira. Apewe mtu mwenye subira."

Ungedhani mtu anayesema hivyo ameua wanyama wengi. Hakuwahi kuua hata kanga. Nyama ya porini hakuila, na hakueleza kwa nini. Alipokwenda kujaribu shabaha kwenye machimbo ya mawe, alitia pamba masikioni, akapiga risasi tatu tu, akarudi amenyamaza kama mtu anayetoka mazishini. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na tai nyembamba shingoni. Jumatatu aliitemea bunduki mate mepesi kwenye kitako, jinsi wazee wa Mbeere wanavyombariki mtoto kifuani.

"Mchungaji akikuona je?" nilimuuliza.

"Mchungaji hajaleta bunduki," akasema.

Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Mtutu hauangalii mtu, alisema. Hata ikiwa tupu. Hata ikiwa imefunguliwa vipande vipande mezani. Kila mnunuzi aliambiwa hivyo kabla ya kutoka na bunduki yake, na aliyejifanya ameshasikia aliambiwa tena. Siku moja mkubwa mmoja wa ofisini aliichukua bunduki juu ya kaunta na kuizungusha, mtutu ukanipita kifuani. Fundi alimnyang'anya.

"Toka nje, halafu uingie tena."

"Wewe mzee, unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu ameelekeza bunduki kwa mwandishi wangu. Toka, mkubwa. Uingie tena kama mtu mwingine."

Yule mkubwa alitoka. Alisimama nje kidogo juani, akaingia tena, akasalimia kama ndiyo kwanza anafika. Sijapata kuona jambo kama hilo tena popote nilipopita.

Baada ya neno la kwanza ulifuata mtihani. Fundi aliikoki bunduki ikiwa tupu, akatandika ngozi ya mbuzi sakafuni na kugonga kitako juu yake mara tatu, kwa nguvu. Triga ikishindwa kushika, bunduki ikajifyatua yenyewe, ilirudi kwenye sanduku. Ikishika, ilikuwa imepita, na kilichobaki kilikuwa nta.

Kwao Mbeere, upande wa Siakago, watu hutundika mizinga ya nyuki kwenye migunga, na wapiga upinde wa zamani walipaka nta uta na kamba yake ili mvua isiviharibu. Fundi alifanya vivyo hivyo kwa bunduki. Aliyeyusha nta ya Siakago kwenye mkebe wa maziwa juu ya makaa, akasugua mbao, akasugua chuma, akaziba kila mwanya ambao maji yangepita. Mafuta ya bunduki ya chupa yalikuwa tele dukani. Aliyadharau. Ukimsalimia, mkono wako ulibaki na harufu ya asali na moshi mpaka jioni. Bunduki za aina ya zamani, zenye triga iliyo wazi, zilipokea nta hiyo miaka mingi bila neno, kwa kuwa alizifungua zote na kufuta ndani kwa kitambaa.

Rafiki alikuwa naye mmoja tu, mfuata nyayo wa Kibugu, mtu mfupi aliyewaongoza wawindaji kwenye msitu wa mlima. Siku za soko alishuka mjini na nduma zilizochemshwa, zimefungwa kwenye jani la mgomba, zimekwisha poa. Wakala pamoja juu ya meza ya kazi, wakitukanana.

"Nyinyi watu wa Siakago mnakaanga mayai juu ya jiwe."

"Na nyinyi wa Kibugu mnafuga ukungu kama ng'ombe."

"Njoo ulale kwangu siku moja tu. Utajua kwa nini Mungu aliumba blanketi."

"Nitakuja siku mtapelekewa jua."

Mara moja mfuata nyayo alimletea koti zito la jeshi, la kijani, lenye vifungo vya shaba. "Sasa huna kisingizio," akamwambia. Fundi alilitundika nyuma ya mlango wa chuma na halikuondoka hapo. Hakuwahi kupanda Kibugu. Aliichukia baridi bila kuwa ameijua.

Bunduki ile iliyoua ilifika siku chache kabla ya mvua ndefu. Ilikuwa ya aina mpya kabisa. Hata mwenye duka alikuwa ameiona kwenye picha tu. Fundi alifumba macho, akaipokea, akakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida. Alichosema ni hiki: "Nyepesi. Inakuja begani yenyewe. Triga imefungiwa ndani ya kisanduku chake cha chuma, haionekani, lakini inaachia safi kama kijiti kikavu. Hii imezishinda zote." Hakuwa amesema hivyo kuhusu bunduki yoyote. Niliandika kwa herufi kubwa.

Aliyeichukua ni mkulima wa kahawa wa Manyatta, mtu wa sauti nzito aliyeimba besi kwenye kwaya, anayecheka mpaka mizani ya kupimia mbolea inatikisika. Alikuwa na kibali cha nyati waliokuwa wakiharibu mashamba ya kando ya msitu kule Kibugu, na kiongozi wake angekuwa mfuata nyayo.

"Huko juu ni mvua tu, Fundi. Ifunge vizuri maji yasiingie."

"Hautaingia hata umande."

Fundi aliigonga mara tatu juu ya ngozi ya mbuzi. Triga ilishika. Kisha akaweka mkebe juu ya makaa.

Siku nne baadaye mfuata nyayo alikuwa amekufa. Asubuhi, mpakani mwa msitu, aliinama kutazama mavi ya nyati. Mkulima, nyuma yake, akatia risasi na kusukuma bolti ifunge, na bunduki ikalia. Alimbeba mgongoni kupitia mashamba ya chai, akiita watu. Alipofika barabarani alikuwa amebeba maiti.

Polisi walimletea Fundi bunduki aichunguze, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuichunguza. Alijifungia nayo asubuhi, akatoka saa nane mchana. Macho yalikuwa mekundu, na mikono, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ilinuka mafuta ya taa.

"Andika," akaniambia. "Bunduki ni nzima. Haina kosa."

Niliandika. Akatia sahihi, polepole, herufi moja moja.

Mkulima aliapa mbele ya kila mtu kwamba kidole chake hakikuwa kwenye triga. Karatasi yangu ilimjibu. Hakufungwa, ilisemwa ni ajali ya uzembe, akanyang'anywa leseni. Lakini sokoni walimpa jina, Kidole, na jina likamfuata mpaka kwenye kahawa yake. "Kidole huyo anapita." "Kidole, leo umekiacha nyumbani?" Aliacha kwaya. Aliendelea kuapa kwa mwaka mzima hivi, kisha akachoka. Siku moja alikuja dukani kununua dawa ya kahawa, na kabla hajaulizwa lolote akasema, "Labda niliigusa triga. Labda niliigusa na sikujua." Nilimtazama Fundi kule nyuma. Tupa aliyokuwa akinolea ilisimama juu ya chuma. Halafu ikaendelea.

Baada ya hapo hakusema tena neno la kwanza. Masanduku yalipofika alijitia kazini, na mwenye duka akawauzia watu kwa maneno yake mwenyewe. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji, chumba cha mlango wa chuma kikajazwa mbolea. Fundi akachukua vyombo vyake na koti lake, akarudi Siakago kutengeneza majembe na taa. Mimi nikarudi barabarani.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, nywele zangu nami zikiwa nyeupe. Nilikuwa nimeokota jarida la bunduki kwenye vitabu vya mitumba Nairobi, lenye picha za bunduki mpya za ng'ambo, nikaona nimpelekee. Labda lingemrudisha kwenye mazungumzo ya zamani. Nilimkuta ndani ya kibanda chake cha mabati, kwenye kigoda, macho yamefunikwa na utando. Nilisalimia tu.

"Mwandishi," akasema. "Bado hujapata nyumba?"

"Bado natafuta, mzee."

"Na miguu hiyo itaisha lini?" Akacheka kwa yale mabega. Nikaketi, nikamsomea nilichoweza.

"Kitako cha hii ni plastiki."

"Plastiki!" Akatema mate, na hayakuwa ya baraka.

"Wanasema haidhuriwi na maji wala jua."

"Triga yake je? Iko wazi ama imefungiwa?"

"Imefungiwa."

Akageuza uso upande wa jarida. Nje mtu alikuwa akipiga ndengu kwa fimbo.

"Kuna mahali wameandika isipakwe nini?"

Nilitafuta. "Hapa wanasema mafuta mepesi tu. Kitu kizito kisiingie kwenye triga, kitaganda kwenye baridi."

"Hata ile ilikuja na karatasi," akasema. "Ilikuwa ndani ya sanduku, imekunjwa. Nilikuwa na mtu anayejua kusoma, amesimama hapo na kalamu. Nilimwambia aandike tu. Sikumwambia asome."

Ndipo akanieleza. Nta ya Siakago aliijua ikiwa Siakago na ikiwa Embu, mahali penye jua, ambapo inabaki laini kama siagi. Kisanduku cha triga hakuweza kukifungua siku ile, skrubu zake zilikuwa ndogo kuliko bisibisi zake zote. Aliziba mianya kwa nje, na nta ya moto ikateleza ndani. Mtihani wa ngozi ya mbuzi ulikuwa umeshapita, hakuurudia. Kibugu, kwenye baridi ya asubuhi, nta iliganda. Triga haikurudi mahali pake. Bolti ilipofunga, hapakuwa na kitu cha kuizuia bunduki isilie.

"Uliiona hiyo nta?" nilimuuliza.

"Polisi waliponiletea nilitengeneza bisibisi kwa msumari, nikafungua. Ilikuwa imejaa, nyeupe, ngumu kama mshumaa. Nikaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikaisha. Halafu nikakuita uandike."

Nilishindwa kumtazama, ingawa yeye hakuweza kuniona.

"Kidole yuko hai?" akauliza. Kisha, kabla sijajibu, akalikataa jina hilo mwenyewe kwa mkono, kama anayefukuza nzi. "Yule bwana wa Manyatta. Yuko hai?"

"Nilisikia yuko."

"Toa daftari."

Lilikuwa kwenye mfuko wangu, kwa kuwa mtu asiye na nyumba hubeba vyote. Chini ya yale maneno ya herufi kubwa niliandika aliyosema: "Niliipaka nta. Nta ilikaza triga. Kidole chake hakina kosa. Mimi nilidanganya." Nikamwelekeza mkono, akatia sahihi, herufi moja moja.

Kesho yake nilikuwa Manyatta. Mkulima alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo, na sauti ile ya besi ilikuwa imebaki mnong'ono. Alisoma mara tatu akifuata mstari kwa kile kidole. Sikuona furaha usoni mwake. Akauliza jambo moja tu: "Anakaa wapi?"

Tuliingia kibandani Siakago adhuhuri. Fundi alisikia fimbo, akasimama.

"Ni mimi," mkulima akasema.

"Najua."

"Mke wangu alikufa akiniombea kwa Mungu nisamehewe. Kila siku niliutazama mkono huu na kuuliza ulifanya nini."

"Nipige," Fundi akasema.

"Nikuvunjie fimbo hii, nyumbani nitarudi na nini?" Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahema. Kisha akanigeukia mimi. "Una kalamu? Andika na ya kwangu hapo chini. Andika, mtutu ulikuwa unamwangalia mtu."

"Hapana," Fundi akasema. "Bunduki ingekuwa nzima..."

"Nyamaza, Fundi. Ulinifundisha mwenyewe siku ile ile, pale kaunta, nikakuambia nimesikia, ukanirudia tena. Hata ikiwa tupu, ulisema. Alikuwa ameinama mbele yangu na mtutu ulikuwa mgongoni kwake. Nta yako haikuuelekeza. Andika, bwana."

Niliandika. Sasa ukurasa mmoja ulikuwa na bunduki iliyozishinda zote, na chini yake wazee wawili, kila mmoja akilishikilia kosa. Nilingoja wapeane mikono. Hawakupeana. Joto lilikuwa linapasua mabati juu ya vichwa vyetu.

"Mjane wake yuko," mkulima akasema baadaye. "Kule kule Kibugu. Mimi sikuweza kwenda kumwambia jambo nisilolijua. Na wewe uliyelijua hukwenda."

Fundi aligeuka. Akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akapapasa nyuma ya mlango. Koti la jeshi lilikuwa pale, vifungo vyake vimeota kutu ya kijani. Alilivaa. Akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, jasho likimtiririka usoni.

"Mzee, kwenye jua lote hili?" nikamwambia.

Alinyoosha mkono ili tumshike, mmoja huku, mmoja huku.

"Twendeni," akasema. "Kule kuna baridi."